Kutch au Gir Somnath: ukitaka kuiona Gujarat ya kijijini uende wapi

Wengi wetu tukienda India ni hospitali, chuo au mzigo, basi, na ukishamaliza shughuli zako Ahmedabad au Mumbai unakuta una siku kadhaa za kukaa tu hotelini unakula chapati na dengu. Sasa kama uko jimbo la Gujarat na unataka kutoka mjini ukaone wanavijiji wanaishije, kuna wilaya mbili ambazo kwa Mswahili zina maana kuliko zingine zote, Kutch na Gir Somnath. Moja ndiko walikotoka Wahindi wengi tunaowajua huku pwani, ya pili ndiko waliko Wahindi wenye asili ya Afrika. Watu wanauliza ipi bora, na kiukweli jibu linategemea unatafuta nini na unaenda mwezi gani, ila mimi nina upande wangu na nitausema wazi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno wilaya maana la kwao si la kwetu. Wilaya ya India inaweza kuwa na watu kama mkoa mzima wa Tanzania, mkubwa wake anaitwa Collector na ana madaraka kwelikweli, halafu ndani inagawanywa taluka, hizo ndizo unaweza kuzifananisha na tarafa. Kutch ina taluka kumi, makao makuu Bhuj, na kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,600, yaani Rwanda yote inaingia humo na nafasi inabaki. Sensa ya 2011 ilikuta watu kama milioni 2.1 tu, ambao kwa India ni kama hakuna mtu. Gir Somnath yenyewe ni mtoto wa juzi, imezaliwa 15 Agosti 2013 ilipokatwa kutoka Junagadh, taluka sita, makao makuu Veraval, eneo lake halifiki kilomita za mraba 4,000, yaani kama mara moja na nusu ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Kwa hiyo hapo tu tayari unaona tofauti, Gir Somnath unaweza ukalala sehemu moja ukazunguka yote, Kutch utakaa ndani ya gari mpaka mgongo ulalamike.

Tofauti kubwa kuliko zote ni maji. Kutch ni nchi kavu, mito yake ni ya msimu, na upande wote wa kaskazini ni lile jangwa la chumvi linaloitwa Rann. Masika yao, kuanzia Juni, Rann inajaa maji na kugeuka bahari ya matope, maji yakikauka inabaki chumvi nyeupe mpaka upeo wa macho. Ndiyo ile sehemu unayoiona kwenye picha za watalii, pale Dhordo, kama kilomita 80 kutoka Bhuj, ambapo serikali ya jimbo inaweka mji wa mahema kila msimu wa baridi na kuuita Rann Utsav. Gir Somnath ni kinyume chake, kuna msitu wa Gir, kuna mto Hiran unaoshuka kutoka Gir hadi baharini pale Somnath, mvua inanyesha ya kutosha, kuna miwa, karanga, minazi ufukweni na miembe mpaka basi. Mtu wa Tanga au Malindi akifika huko hashangai sana mandhari, anashangaa watu.

Sasa uchumi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Kutch kwa karne nyingi imeishi kwa pesa ya nje, maana ardhi yenyewe haikuwa na cha kutoa. Watu walipanda jahazi wakaondoka. Mandvi, mji wa pwani yao, ndio ulikuwa mlango, na waliopitia hapo utawakuta kwenye historia yetu kila kona. Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch (ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindu), kampuni yake ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa sultani miaka mingi ya karne ya 19, yaani ushuru wa karafuu, pembe na watumwa ulipita mezani kwao, na hilo tusilipambe. Tharia Topan alitoka Lakhpat, kijiji cha ngome kilicho mwisho kabisa wa Kutch magharibi, na lile jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani, Unguja mjini, lenye vibaraza vya mbao zilizochongwa ni lake. Alidina Visram aliyejaza maduka kutoka Mombasa hadi Uganda naye ni wa huko huko. Wadau wa Muscat mnaijua kampuni ya Khimji Ramdas, ilianza 1870 na ni familia ya Mandvi. Na Kikachi unachosikia kwa Wahindi wa Mombasa na Unguja ndicho wanachoongea mpaka leo vijijini Kutch, ni lugha ya ukoo wa Kisindhi, si Kigujarati, ingawa shuleni wanafundishwa Kigujarati.

Pesa hiyo ya nje haijakatika. Nenda Madhapar au Baladia, vijiji vya Wapatel karibu na Bhuj, unakuta kijiji kina matawi ya benki kibao na majumba makubwa yamefungwa makufuli, wenyewe wako Nairobi na London. Ukikutana na mzee barazani ukajitambulisha unatoka Afrika Mashariki usishangae akikujibu "habari gani", wapo waliozaliwa Kenya na Uganda wakarudi.

Halafu likaja tetemeko. 26 Januari 2001, asubuhi ya sikukuu ya jamhuri, kipimo 7.7, Bhachau ikalala chini, Bhuj na Anjar zikavunjika vibaya, watu waliokufa wanahesabiwa kati ya 13,000 na 20,000. Baada ya hapo serikali ikatoa misamaha ya kodi kwa atakayejenga kiwanda Kutch, na viwanda vikaja kwa fujo. Bandari ya Kandla ilikuwepo tangu miaka ya 1950, ilijengwa baada ya Karachi kubaki Pakistani, na mji wa Gandhidham pembeni yake uliwekwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kisindhi. Lakini leo jina kubwa ni Mundra, bandari binafsi ya tajiri Gautam Adani, inaongoza India kwa mizigo ya kibiashara, na kama umewahi kuagiza vigae au nguo kutoka Gujarat kuna uwezekano mkubwa kontena lako lilipakiwa hapo. Si wote waliofurahi. Wavuvi wa huko walienda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani kulalamikia mtambo wa umeme wa makaa (wa Tata, si wa Adani) uliojengwa kwa mkopo wa IFC, lile tawi la Benki ya Dunia, na 2019 mahakama ikasema IFC haina kinga kamili ya kutoshtakiwa. Mvuvi wa kijijini kuifikisha benki ya dunia mahakamani Washington, si jambo dogo hata kama kesi haikuwapa walichotaka.

Gir Somnath inakula ardhi na bahari yake. Veraval ni mojawapo ya bandari kubwa za uvuvi India, boti za mbao zimebanana bandarini mpaka unaweza kuvuka kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, samaki na ngisi wanaingia viwandani wanagandishwa wanaenda nje. Ubaya wake ni mpaka wa baharini na Pakistani, hauonekani, mvuvi akifuata samaki akavuka kidogo anakamatwa na kukaa jela Karachi miezi au miaka, na familia nyingi za Una na Kodinar zinalijua hilo vizuri sana. Kodinar kuna saruji ya Ambuja, tangu miaka ya 1980, na tangu 2022 nayo ni ya Adani, kwa hiyo hata ukimkimbia huyu bwana Kutch utamkuta Gir Somnath.

Ila utajiri wenyewe ni embe. Kesar, embe dogo kiasi, ganda la kijani limechanganyika na manjano, ndani rangi ya zafarani ndiyo maana likaitwa hivyo, jina lilitolewa na nawabu (mtawala) wa Junagadh mwaka 1934. Kuanzia mwisho wa Aprili au Mei, soko la Talala linawaka. Wakulima wanashusha maboksi ya kilo kumi kumi, wanayapanga kwa mafungu, dalali anapita juu ya fungu anapiga kelele za bei, wanunuzi wanamfuata wamebanana, mmoja anatoboa embe kwa kidole ananusa kwenye kikonyo, sekunde chache fungu limekwenda, wanahamia lingine, na njia nzima nje ya soko imezibwa na malori. Harufu tu inakushibisha. Mei 2021 kimbunga Tauktae kilitua kati ya Diu na Una, kikang'oa miembe ya miaka thelathini, arobaini, na minazi ikalala kama imekatwa na panga, na mwembe si mahindi kwamba utapanda tena mwakani uvune.

Kutch nayo sasa inalima Kesar, tena baada ya maji ya mfereji wa Narmada kufika wanalima komamanga na tende kwa bidii, tende zao wanazila mbichi zikiwa bado ngumu na nyekundu. Lakini tusidanganyane, kwa kilimo Gir Somnath iko mbele.

Kwa mikono ya mafundi Kutch haina mpinzani, si Gir Somnath tu hata India nzima wachache wanaifikia. Ukipata siku moja tu nenda Ajrakhpur, kijiji kilichoanzishwa baada ya tetemeko na mafundi wa Kikhatri wa kuchapa vitambaa waliohama Dhamadka kwa sababu maji ya kule yalikuwa yameharibika, yana chuma, rangi inakataa. Mafundi wenyewe ni Waislamu. Kitambaa chao, ajrakh, kinalowekwa kwenye mafuta ya nyonyo, magadi na kinyesi cha ngamia, kinaanikwa, kinafuliwa, kinawekwa dawa ya tunda chachu, ndipo fundi anachukua kipande cha mbao kilichochongwa anagonga chokaa na gundi mahali asipotaka rangi iingie. Nyeusi inatoka kwenye vyuma chakavu vilivyochachushwa na sukari guru kwa wiki kadhaa, nyekundu inashikwa na shabu, bluu ni pipa la nili. Upande mmoja ukishagongwa wengine wanageuza na kugonga upande wa pili, na michoro inakutana bila kupishana hata nusu ya kucha. Kitambaa kimoja kinapita hatua kumi na nne hadi kumi na sita, ukiambiwa bei usianze kulia, ile ya bei ya kutupa unayoiona sokoni Ahmedabad imechapwa kiwandani.

Na Mandvi bado wanaunda majahazi, ukingoni mwa mto Rukmavati katikati ya mji, meli za mbao za ukubwa wa jengo la ghorofa zimesimama juu ya mchanga zikisubiri kumalizwa, moja inaweza kuchukua miaka miwili. Mafundi wanakalafati kwa pamba wakigonga kwa nyundo ya mbao ubao hadi ubao, kama Lamu au Nungwi vile, ila meli yenyewe ni kubwa mara kumi. Zinatumika kupeleka mizigo Ghuba na Somalia, sehemu ambazo meli kubwa zinagoma kwenda. Jioni kula dabeli hapo hapo, imezaliwa Mandvi, ni mkate mdogo wa duara unapasuliwa katikati unajazwa viazi vya viungo, karanga za pilipili na punje za komamanga halafu unakaangwa kidogo kwenye siagi.

Sasa watu. Kutch Waislamu ni kama mmoja kati ya watano, wafugaji wa Banni kaskazini mwa Bhuj karibu wote ni Waislamu, wana nyati wao wa maziwa mashuhuri, na wengine Kutch wana ngamia wa Kharai wanaoogelea baharini kwenda kula mikoko, si hadithi. Malisho ya Banni yamevamiwa na mti ambao serikali iliupanda 1961 kuzuia jangwa, wao wanauita gando bawal, wewe ukiuona utausalimia kwa jina maana ndio mathenge wa Baringo ule ule, Tanzania mrashia. Malalamiko ni yale yale pia, umemeza majani, maganda yake yanaharibu mifugo, na sasa kuna watu maisha yao yanategemea mkaa wake kwa hiyo hata kuung'oa ni ugomvi.

Gir Somnath wafugaji ni Maldhari wanaoishi ndani ya msitu kwenye maboma yao ya miiba, pamoja na simba. Hawa ndio simba pekee wa Asia waliobaki porini duniani, hesabu ya 2025 ilikuta 891, na zaidi ya nusu walikuwa nje ya hifadhi, wako mashambani, wengine mpaka ufukweni huko Kodinar na Una. Wakulima wengi hawawachukii kama unavyodhani, simba anawafukuzia nguruwe pori na swala wakubwa wanaokula karanga, na ng'ombe akiliwa kuna fidia ya serikali. Lakini nikuambie ukweli, kama umeshakwenda Serengeti au Mara safari ya Gir itakuboa. Msitu wa miti mikavu, magari yamepangiwa njia, kibali unakata mtandaoni mapema, unaweza ukamaliza masaa matatu umeona paa na tausi tu. Nenda kwa sababu ya historia yake, usiende kuhesabu.

Kinachomvuta Mswahili Gir Somnath ni Jambur, karibu na Talala. Ni kijiji cha Wasiddi, babu zao walitoka Afrika ya Mashariki, wengi kwa utumwa, wengine kama askari na mabaharia, na kadhaa walitumikia manawabu wa Junagadh. Ukiwaona ni kama umeshuka Mtwara, ila wakifungua mdomo ni Kigujarati kitupu. Wana dargah (kaburi la walii) ya Nagarchi Pir, wana goma zao wanazopiga kwenye urs, sikukuu ya kumkumbuka huyo walii, na serikali imewaorodhesha kama kabila la kusaidiwa. Mama mmoja wa hapo, Hirabai Lobi, alipewa nishani ya Padma Shri 2023 kwa kazi ya kuwainua wanawake na watoto wa Kisiddi. Shida ni kwamba mahoteli ya Sasan, kwenye lango la hifadhi ya Gir, yanawaita usiku wakachezee watalii, kupasua nazi kwa kichwa na vitu kama hivyo, malipo yenyewe si ya kujivunia. Kwa hiyo ukienda Jambur nenda kama mgeni, mchana, ingia dargah, salimia wazee, nunua kitu dukani, na simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe. Na usiwalazimishe wakuambie wao ni wa kabila gani kwetu, walishajiita Wahindi kabla babu yako hajazaliwa.

Upande wa dini kwa ujumla, Gir Somnath ina hekalu la Somnath, mojawapo ya yale matakatifu kabisa ya Shiva, mungu wa Wahindu, lililovunjwa na Mahmud wa Ghazni mwaka 1026 na kujengwa tena baada ya uhuru, rais Rajendra Prasad akalizindua Mei 1951. Sikukuu zake watu ni mafuriko na vyumba hakuna. Simu na mabegi huachwa nje, ulinzi ni mkali, na vyakula vya karibu na hekalu ni majani matupu, ndiyo, katika mji unaosafirisha samaki duniani utahangaika kupata samaki wa kukaanga. Ukitaka nyama kwa urahisi Bhuj ni afadhali, mitaa ya Waislamu ipo. Pombe Gujarat yote ni marufuku isipokuwa kwa kibali, ndiyo maana wikiendi magari yote ya Una yanaelekea Diu, kisiwa kilichokuwa cha Wareno mpaka 1961 na ambacho si sehemu ya Gujarat.

Kufika: Bhuj kuna uwanja wa ndege na treni za kutoka Ahmedabad, tangu Septemba 2024 kuna ile ya haraka ya Namo Bharat. Veraval ni treni ya usiku kucha, au Vande Bharat ya kutoka Sabarmati iliyoanza Mei 2025, ndege utashukia Diu, Keshod au Rajkot. Ukishafika, Kutch utahitaji teksi ya siku nzima maana Mandvi iko kusini, Dhordo kaskazini, Lakhpat magharibi kabisa, na Dholavira, ule mji wa miaka elfu nne na zaidi uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO 2021, uko kwenye kisiwa katikati ya chumvi, kwa hiyo gharama inapanda. Gir Somnath bajaji na mabasi ya serikali yanatosha.

Mimi ningechagua Kutch, na si kidogo, lakini kati ya Novemba na Februari tu, kwa watu ambao wana angalau siku tano na pesa ya gari. Ukiwa na siku mbili tatu, au una watoto, au unaenda Mei kwenye joto la kufa mtu, chukua Gir Somnath, Kutch mwezi huo itakuchoma bure na Rann hutaiona kwa mng'ao. Wanafunzi wa historia na watu wa vitambaa, Kutch bila kujiuliza. Wafanyabiashara wa samaki, matunda na usindikaji, Veraval na Talala zitawafundisha zaidi. Anayetafuta ndugu zetu wa zamani aende Jambur. Kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Oktoba usiende kokote kati ya hizo mbili, Gir inafungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba na Rann iko chini ya maji. Na usijaribu kuziunganisha kwa wiki moja, kwenye ramani zinaonekana si mbali, ila ghuba ya Kutch iko katikati na haina daraja, itabidi uzunguke ghuba yote kwa barabara na siku nzima imekwenda.